Krismasi ya Ukoo Mkubwa Isiolo: Ni Nani Hakufika?

Kila mwaka, Desemba ikifika tarehe 20 hivi, mji wa Isiolo hubadilika sura. Magari ya kutoka Nairobi, mwendo wa kilomita 285 hivi, hupita Nanyuki na baridi ya Timau, kisha huiacha njia panda ya Subuiga na kuteremka hadi kwenye joto la nchi tambarare. Magari ya Moyale na Marsabit huja kutoka kaskazini kwa njia ya Merille, Archer's Post na Ngaremara. Wengine hutoka Meru na Maua, wengine Garba Tulla, na wengine Oldonyiro. Juu ya magari hayo hufungwa magodoro, magunia ya viazi na mikungu ya ndizi, na ndani yake watoto hulala mapajani mwa mama zao. Hao ni watu wa koo za Kikristo wanaorudi kula sikukuu ya Krismasi pamoja na wazee wao.

Januari, watu wakisharudi kazini, huulizana habari za sikukuu. Swali la kwanza ni hili: Mlikuwa wangapi? La pili: Mlichinja mbuzi wangapi? Maswali hayo si mabaya, kwa maana wingi wa watu na chakula ni baraka. Lakini liko swali la tatu, nalo halisikiki mara nyingi: Ni nani hakufika, na ni kitu gani kilichomzuia? Ukoo ujipime kwa swali hilo kuliko kwa yale mawili. Karamu iliyowashibisha hamsini na kumwacha ndugu mmoja nje kwa sababu ya umaskini wake ina upungufu ambao mbuzi kumi hawawezi kuujaza.

Ili jambo hili lieleweke vema, yafaa kwanza kuitazama Isiolo yenyewe. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti nzima ilikuwa na watu 268,002, katika nchi yenye ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 25,000. Wengi wao ni Waislamu: Waborana, Wasomali, Wasakuye na wengineo. Wakristo, ambao wengi wao ni Wameru, Waturkana na Wasamburu, pamoja na watu waliokuja kwa kazi na biashara kutoka pande nyingine za Kenya, ni wachache kuliko jirani zao. Mjini, nyumba ya Mkristo na ya Mwislamu hutenganishwa na ua wa miti au bati tu, na sauti ya adhana na ya kengele husikika katika uwanja mmoja.

Ukristo nao ulichelewa kuenea pande hizo. Wamisionari wa Consolata walifika nchi ya Meru mwaka 1911, na Wamethodisti mwaka 1912, lakini Isiolo ilikuwa sehemu ya ile Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyofungwa kwa sheria tangu mwaka 1902. Mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila ruhusa ya serikali. Wakristo waliofika walikuwa zaidi makarani, askari, watumishi na vibarua, nao waliishi mbali na jamaa zao. Leo Isiolo ina makanisa ya madhehebu mengi, na Wakatoliki, waliopata vikarieti yao mwaka 1995 kwa kutengwa na Jimbo la Meru, wamekuwa na jimbo kamili tangu mwaka 2023, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Eusebio limo mjini humo.

Wala uhuru wa mwaka 1963 haukufungua njia mara moja. Desemba ya mwaka huo huo serikali ilitangaza hali ya hatari kaskazini kwa sababu ya vita vya mashifta, vilivyoendelea hadi mwaka 1967, na amri za hatari zilidumu hadi mwaka 1991. Barabara nayo ilikuwa taabu, kwa kuwa kwa miaka mingi lami ilikoma Isiolo. Aliyefanya kazi Moyale alisafiri juu ya lori katika vumbi, akalala njiani, naye hakujua kama angefika kabla ya sikukuu au baada yake. Barabara hiyo ya kilomita 500 hivi ilitiwa lami hadi Moyale katika miaka ya 2010, na sasa safari hiyo humalizika kwa siku moja. Basi wazee wanaokaa mlangoni mwezi wa Desemba wakihesabu magari wanajua thamani ya mtu kufika, kwa kuwa wameona miaka ambayo kufika hakukuwezekana.

Siku hizi amri ya serikali haimzuii mtu, wala lori halikwami mchangani kama zamani. Kinachomzuia zaidi ni aibu ya mfuko mtupu. Jambo hili hutokea katika koo nyingi, na kwa kulieleza yatosha mfano wa ukoo mmoja ambao haukutajwa jina, kwa maana kila msomaji atautambua.

Babu na nyanya wanakaa Isiolo. Watoto, wajukuu na wapwa wao wamepata kuwa nyumba 12, na wote pamoja ni watu 60, nusu yao watoto. Mmoja ni mwalimu, mwingine ni karani wa kaunti, wa tatu ni muuguzi, wa nne ana gari la abiria. Wanne wana mashamba madogo au vibanda vya biashara. Wanne waliobaki hawana kitu cha kutegemewa, na mmoja wao ni mfugaji wa upande wa Ngaremara ambaye ukame ulimwachia mbuzi watatu. Ukame huo si hadithi. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022 misimu 5 ya mvua ilishindwa kwa kufuatana, na katika nchi kavu za Kenya zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa. Kisha mwezi wa Novemba 2023 mvua ikaja kwa hasira, na mafuriko yakachukua baadhi ya kilichosalia.

Mwezi wa Novemba wenye mishahara wanaandikiana kwa simu na kukubaliana kwamba sikukuu itagharimu shilingi 36,000. Wanagawanya kwa nyumba 12, na kila nyumba inaambiwa ilete shilingi 3,000. Hesabu ni sawa, wala hakuna awezaye kusema kwamba ameonewa. Lakini kwa karani, shilingi 3,000 ni sehemu ndogo ya mshahara. Kwa mfugaji yule, ni kumwuza mbuzi mmoja katika watatu, tena kwa bei ya mtu mwenye shida. Hasemi neno. Tarehe 22 Desemba anampigia kaka yake simu na kusema, "Kaka, mwaka huu nimebanwa na kazi. Nisalimie Baba na Mama, waambie nitakuja Pasaka." Kaka anajibu, "Haya, ndugu yangu, kazi ni kazi." Siku ya sikukuu mama anauliza, "Mdogo wenu yuko wapi?" Anaambiwa kwamba amebanwa na kazi. Mama ananyamaza, kwa kuwa ajua kwamba mwenye mbuzi watatu habanwi na kazi siku ya Krismasi.

Wahenga walisema, "Mkono mtupu haulambwi." Mithali hiyo ina ukweli wake sokoni, lakini ikipelekwa nyumbani kwa baba na mama hugeuka kuwa sumu. Iko nyingine iliyo bora kwa ukoo: "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Na mithali hii yaweza kutiwa katika hesabu, isibaki kuwa maneno ya kupendeza tu.

Shilingi 36,000 ni zile zile. Wenye mishahara wanne watoe shilingi 5,500 kila mmoja, jumla shilingi 22,000. Wenye mashamba na vibanda wanne watoe shilingi 3,000 kila mmoja, jumla shilingi 12,000. Wanne waliobaki watoe shilingi 500 kila mmoja, jumla shilingi 2,000. Ukijumlisha yote utapata shilingi 36,000 bila kupungua hata senti, na nyumba zote 12 zimetoa. Mfugaji hakusamehewa kama mwombaji. Ametoa kama ndugu zake, na mbuzi wake watatu wangali hai.

Yafaa kuangalia pia jinsi hesabu inavyosomwa. Katika harambee nyingi ni desturi kusimama na kutaja jina la mtu na kiasi alichotoa, watu wakapiga makofi kwa kadiri ya kiasi hicho. Katika ujenzi wa shule desturi hiyo yaweza kusaidia, maana huamsha mashindano. Katika ukoo huumiza. Mweka hazina asome majina yote 12, aseme kwamba kila nyumba imetoa, ataje jumla iliyokusanywa na jumla iliyotumika, aonyeshe na stakabadhi. Kiasi cha kila mmoja kibaki katika daftari. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, fedha zaweza kutumwa kwa mweka hazina mmoja kimya kimya, na simu yenyewe huweka kumbukumbu. Lakini watu wengi hutangaza kila shilingi katika kundi la WhatsApp la ukoo mara ifikapo, na aliyetuma shilingi 500 huona jina lake chini ya lile la shilingi 5,500. Mweka hazina mwenye busara hafanyi hivyo.

Hapana shaka wako watakaopinga. Watasema kwamba mpango huu huwalea wavivu, na kwamba yuko ndugu ambaye hana kitu kwa sababu fedha zake zote huishia kilabuni. Neno hilo lina haki yake. Lakini dawa yake si kuwatoza wote sawasawa, maana kwa kumpiga mlevi mmoja unawapiga na mjane na mfugaji waliosimama karibu naye. Dawa ni kazi. Karamu ya watu 60 ina kazi nyingi kuliko fedha: kuna kuni za kupasua, maji ya kuteka, turubai la kufunga, viti vya kuazima kanisani, mbuzi wa kuchuna, na masufuria ya kusugua usiku wakati wengine wanaimba. Asiyetoa fedha atoe jasho, na kazi yake iandikwe katika daftari lile lile. Mvivu wa kweli atajulikana hapo, kwa kuwa hataonekana kwenye kuni.

Jirani Waborana wana desturi iliyo kongwe kuliko daftari lolote, nayo huitwa busa gonofa. Mtu akipoteza mifugo yake kwa ukame, maradhi au uvamizi, watu wa ukoo wake hukutana na kumchangia wanyama ili asimame tena, kila mmoja kwa kadiri ya zizi lake. Mwenye ng'ombe wengi hatoi sawa na mwenye wawili. Desturi hiyo haikuletwa na serikali wala na kanisa. Ilizaliwa katika nchi ambayo mvua haina ahadi, na ambayo tajiri wa mwaka huu aweza kuwa mkata mwaka ujao. Mkristo anayekaa Isiolo anaweza kujifunza neno hilo kwa jirani yake bila kubadili dini.

Jambo la pili liwezalo kumzuia mtu ni chakula chenyewe. Katika koo nyingi za Isiolo damu imechanganyika. Binti ameolewa na Mwislamu, au mjomba amesilimu, au watoto wa shangazi wamelelewa katika Uislamu. Hao nao ni watu wa nyumba. Mwislamu hali nyama isipokuwa imechinjwa kwa sheria ya dini yake, na kumwalika kwenye nyama asiyoweza kuila ni kama kumwonyesha kiti na kumwambia asikikalie. Njia ni rahisi, na familia nyingi huifuata: asubuhi ya tarehe 24 huitwa jirani Mwislamu, akachinja mbuzi wote, na watu wote wakala kutoka sufuria moja. Haiongezi gharama hata kidogo, wala haimpunguzii Mkristo kitu katika imani yake. Mutura, yaani utumbo uliojazwa nyama na damu, ukitakiwa, na upikwe katika chombo chake mbali na chakula cha wote, na wapishi waambiwe mapema.

Hata hivyo mwenyeji asikasirike mgeni Mwislamu akikataa kuja kanisani, au akichagua kuja jioni baada ya ibada kwisha. Anaalikwa kuwa pamoja na jamaa yake, si kubadili imani. Kurani nayo ina sura nzima iitwayo Maryam, na kuzaliwa kwa Isa si habari ngeni kwake. Iko pia miaka ambayo Ramadhani huangukia Krismasi, kama ilivyokuwa Desemba za 1998, 1999 na 2000. Katika miaka hiyo chakula cha jamaa Mwislamu hutengwa na kupelekewa jua likizama, na mwezi huo unatarajiwa kuanza tena karibu na Krismasi ya mwaka 2030. Afanyaye hivyo asishangae Idi ikifika na sahani yake ikarudi imejaa pilau.

Imebaki habari ya kiasi. Mbuzi wa wastani hutoa nyama kilo 10 hadi 12. Robo kilo kwa mtu mzima, na nusu ya hiyo kwa mtoto, ni mlo wa heshima. Kwa hesabu hiyo ukoo wa watu 60, nusu yao watoto, hutumia mbuzi mmoja kwa mlo mmoja. Mbuzi watatu watatosha mkesha, siku yenyewe na siku ya pili yake, pamoja na wali, kabichi na chapati. Pakiti ya kilo 2 ya unga wa ngano hutoa chapati 20 hivi, na akina mama wakijua hesabu ya watu hawatanunua unga wa kutupwa. Mbuzi wa nne, wa tano na wa sita huchinjwa kwa ajili ya macho ya majirani. Wiki mbili baadaye shule hufunguliwa, na mtoto hurudishwa nyumbani kwa upungufu wa karo usiofika hata bei ya mbuzi mmoja. Je, ukoo uliokula mbuzi sita utamwambia nini mtoto huyo?

Hapo ndipo faida kubwa ya mkutano huu inapoonekana. Krismasi ni baraza la pekee la mwaka ambalo watu wote wa ukoo huhudhuria. Tarehe 26, kabla ya magari kuondoka, wazee wakae chini ya mti pamoja na watoto wao, wanaume kwa wanawake, na mambo yazungumzwe kwa utaratibu. Kwanza, hesabu ya sikukuu isomwe na kilichobaki kitajwe. Pili, kila nyumba iseme ni mtoto gani anaingia shule gani mwezi wa Januari na karo yake imepungua kiasi gani. Tatu, habari za matibabu ya wazee, na ni nani atakayewapeleka hospitali mwaka huo. Nne, ardhi: mipaka ionyeshwe kwa vijana, na karatasi zijulikane ziko wapi, wazee wangali na nguvu za kusema. Tano, aliyepatwa na hasara asaidiweje. Mambo yote yaandikwe, na maandishi yawekwe na mtu mmoja, ili mwaka ujao yaanzie pale yalipoishia. Saa mbili zatosha. Ugomvi mwingi wa mashamba unaofikishwa mahakamani ungemalizwa chini ya mti huo kwa gharama ya birika moja la chai.

Wakristo husoma kwamba Krismasi ya kwanza yenyewe ilikuwa safari ya kurudi kwenye mji wa ukoo. Yusufu na Mariamu walikwenda Bethlehemu kwa sababu ya hesabu ya watu, nao walipofika hawakupata nafasi. Kila mwaka habari hiyo husomwa makanisani, na wasikilizaji huwalaumu watu wa Bethlehemu kwa ugumu wa mioyo yao. Kisha hurudi nyumbani kula, na huenda miongoni mwao yuko ambaye nafasi yake iko wazi kwa sababu alidaiwa shilingi 3,000.

Kwa hiyo mwenye ukoo na aanze mapema. Mwezi wa Oktoba aandike majina ya watu wote, wa dini zote, wa karibu na wa mbali. Novemba achangishe kwa kadiri ya uwezo, kwa siri na kwa uaminifu. Wiki moja kabla ya sikukuu alipitie tena daftari lake, na kila penye mtu asiyethibitisha ampigie simu yeye mwenyewe, asimtume mtoto. Asimwulize kuhusu mchango. Amwambie, "Mdogo wangu, Mama anakungoja. Nauli nimekutumia, na kuni zinakungoja wewe uzipasue." Nauli ya matatu kutoka Ngaremara si kitu mbele ya nyama itakayoliwa siku hiyo, na mama akihesabu watoto wake jioni hatakuwa na sababu ya kunyamaza.